Uzoefu wangu na seva ya hifadhi ya nyumbani inayoendeshwa na TrueNAS

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikihifadhi kumbukumbu zote za familia yetu, yaani picha, video, hati zilizopigwa skani, sauti za wazee wetu nilizorekodi na maandishi yangu ya kazi, katika seva ndogo ya nyumbani inayoendeshwa na mfumo wa TrueNAS. Tathmini nyingi za vifaa vya aina hii huishia kwenye kasi na ukubwa wa diski, ilhali kwa maoni yangu mambo hayo mawili ndiyo mepesi kuliko yote. Diski kubwa mtu yeyote mwenye fedha ataipata. Kinachonifanya niendelee kuitumia seva hii ni kwamba inaweza kunithibitishia, bila mimi kufungua faili moja moja, kuwa kile nilichokiweka ndani yake zamani bado kiko vilevile kilivyokuwa siku nilipokiweka.

Mashine yenyewe haina makuu. Ni kompyuta ya mezani ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 16, SSD ndogo inayobeba mfumo endeshi peke yake, na diski nne za kuzunguka zenye terabaiti 8 kila moja. TrueNAS, ambayo hadi mwaka 2020 toleo lake la bure lilijulikana kwa jina la FreeNAS, ni programu huria, na kiwango cha chini inachodai ni RAM ya gigabaiti 8. Ukishaisakinisha, hutahitaji tena kioo wala kibodi kwenye mashine hiyo, kwani kila kitu hufanywa kupitia kivinjari cha kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule wa nyumbani.

Diski zangu nimezipanga kwa mpangilio wa RAID, yaani diski kadhaa kufanya kazi kama hifadhi moja, wa aina ya RAID-Z2, ambao huruhusu diski mbili zozote kufa kwa wakati mmoja bila data kupotea. Gharama yake ni kwamba nafasi ya diski mbili kati ya nne huenda kwenye ulinzi. Anayefanya hesabu kabla ya kununua akumbuke pia kwamba mtengenezaji huhesabu terabaiti kwa makumi, yaani baiti trilioni moja, wakati kompyuta nyingi huhesabu kwa vipeo vya mbili, hivyo diski iliyoandikwa 8 huonekana kama 7.27. Kwa hiyo terabaiti 32 za kwenye maboksi zilinipa nafasi isiyozidi 14.5 ya kutumia. Wapo wanaoliona hilo kama upotevu na kuchagua RAID-Z1, inayovumilia diski moja tu kufa. Mimi sikubaliani nao kwa diski za ukubwa huu, kwa sababu kujenga upya diski iliyokufa huzilazimisha zile zilizobaki kusomwa kwa saa nyingi mfululizo, na huo ndio wakati ambao diski ya pili, iliyonunuliwa siku moja na ile ya kwanza na kufanya kazi ileile, huweza nayo kulegea.

Moyo wa mfumo huu ni ZFS, mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kutunza faili kwenye diski, uliobuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems na ambao msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005. Mifumo mingi ya kawaida ya faili, ikiwemo NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, huiamini diski kuhusu yaliyomo ndani ya faili: diski ikisema hiki ndicho kilichoandikwa, mfumo hukipokea. ZFS haiamini. Kila kipande cha data kinapoandikwa, hukokotolewa tarakimu ya uhakiki inayohifadhiwa mahali pengine, mbali na kipande chenyewe, na kila kinaposomwa tarakimu hiyo hukokotolewa upya na kulinganishwa. Zisipolingana, mfumo hujua kwamba diski imerudisha kitu kisicho sahihi, huitafuta data sahihi kwa msaada wa diski nyingine, humpa msomaji iliyo nzima, kisha husahihisha ile mbovu papo hapo. Uozo wa data wa kimyakimya, ule unaoifanya picha ya zamani ifunguke ikiwa na mstari wa kijivu nusu yake, hauna njia rahisi ya kupita hapa.

Ili kipande ambacho hakijasomwa kwa muda mrefu nacho kipate kukaguliwa, mfumo una kazi iitwayo skrabu, inayosoma kila kilichohifadhiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. TrueNAS yenyewe hupanga skrabu ifanyike baada ya siku 35 au zaidi. Kwa muda mrefu ripoti zangu zilikuwa sifuri tupu, hata nikaanza kuzipitia kwa haraka. Kisha ikaja iliyokuwa tofauti. Katika jedwali la diski, ambalo lina safu tatu za hitilafu, za kusoma, za kuandika na za uhakiki, diski ya tatu ilikuwa na namba katika safu ya mwisho, huku zile nyingine tatu zikiwa na sifuri. Juu ya jedwali palitajwa kiasi kilichorekebishwa, kilobaiti chache tu, na chini yake mstari uliosema kwamba hakuna hitilafu ya data inayojulikana. Hakuna programu yoyote iliyokuwa imelalamika, wala faili lililogoma kufunguka. Kama ingekuwa diski ya kawaida ya USB, nisingejua chochote.

Nilipofungua taarifa za SMART za diski hiyo, yaani zile ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake, nilikuta kwamba hesabu ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizotiliwa shaka na kusubiri kuhamishwa haikuwa tena sifuri, na ripoti zilizofuata zilionyesha inazidi kupanda. Nikaamua kuibadilisha kabla haijafa. Kazi hii TrueNAS huifanya vizuri, mradi mtu amejiandaa. Kila diski yangu ina kipande cha karatasi kilichogundishwa upande unaoonekana, chenye herufi na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya utambulisho, kwa sababu jina ambalo mfumo huipa diski linaweza kubadilika mashine inapowashwa upya, lakini namba hiyo haibadiliki. Niliiweka diski mbovu nje ya kazi kupitia ukurasa wa hifadhi, nikazima mashine, nikachomoa ile yenye namba iliyotajwa, nikachomeka mpya, nikawasha na kuchagua amri ya kubadilisha. Ujenzi ulianza mara moja, na muda wote huo faili ziliendelea kupatikana kama kawaida. Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba ZFS hujenga upya sehemu zenye data tu, si diski nzima, kwa hiyo hifadhi iliyojaa nusu humaliza mapema zaidi.

Hapa niseme neno kuhusu uchaguzi wa diski, maana wauzaji wengi hawalitaji. Zipo diski zinazoandikwa kwa mtindo wa SMR, ambamo njia za data hupandana kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke. Ukitaka kubadilisha njia moja, zile zinazoilalia nazo lazima ziandikwe upya. Kwa kuweka nakala na kuiacha hazina shida, lakini ndani ya mpangilio wa RAID ujenzi wa diski mpya huweza kwenda kwa mwendo wa kusikitisha, hata mfumo ukaihesabu diski nzima kuwa imeshindwa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za hifadhi zilikuwa za mtindo huo bila maelezo hayo kuwekwa wazi kwa mnunuzi. Tafuta zilizothibitishwa kuwa za CMR, ambazo njia zake hazipandani, na usome jedwali la vipimo la mfano husika badala ya kuamini jina lililo kwenye boksi.

Kuhusu kasi, kwa waya wa mtandao wa gigabiti moja napata takriban megabaiti 110 kwa sekunde ninapohamisha video kubwa, na hicho ndicho kikomo cha waya, si cha diski. Terabaiti moja hupita kwa takriban saa mbili na nusu. Folda yenye maelfu ya faili ndogondogo huchukua muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa matumizi ya nyumbani kasi hii inanitosha kabisa, hasa nikiilinganisha na kupandisha data kwenye hifadhi ya mtandaoni: kwa intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, terabaiti 10 zingehitaji siku zipatazo 46 za kupandisha mchana na usiku bila kukatika.

Sifa nyingine ninayoitegemea ni snapshoti. Kwa kuwa ZFS haiandiki juu ya data ya zamani bali huandika mabadiliko mahali papya, inaweza kuishika hali ya folda nzima kama ilivyo sasa kwa sekunde moja, bila kutumia nafasi ya ziada hadi pale faili zitakapobadilika. Nimeweka ratiba ya kila saa, inayotunzwa kwa wiki mbili, na nyingine ya kila siku inayotunzwa kwa miezi mitatu. Ndugu yangu alipofuta folda ya picha za harusi kutoka kwenye kompyuta yake ya Windows, alibofya kulia kwenye folda kuu, akafungua sehemu ya matoleo yaliyotangulia, akachagua la saa moja nyuma na kunakili folda yake kutoka humo. Hakuhitaji kuniita. Snapshoti hizo ni za kusomwa tu, kwa hiyo hata programu ya kuteka data, ya aina ya WannaCry iliyosambaa duniani mwezi Mei 2017, ikiingia kwenye kompyuta ya mmoja wetu itaharibu faili za sasa bila kuyagusa matoleo yaliyotangulia, mradi tu haijapata nywila ya msimamizi wa seva.

Hata hivyo, snapshoti na RAID zote zimo ndani ya sanduku lilelile. Moto, wizi au hitilafu ya umeme inayopita diski zote kwa pamoja haitachagua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva za kampuni ya OVH liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa, na miongoni mwa wateja wake wapo waliopoteza kila kitu kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine. Kama ilitokea kwa wenye mitambo ya kitaalamu, sanduku la nyumbani halina kinga. Ndiyo maana nafuata kanuni ya nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Nakala ya pili iko kwenye diski za nje za USB ninazozichomeka kwa zamu na kuzichomoa. Ya tatu hutumwa kwa kazi ya urudufishaji ya TrueNAS hadi kwenye seva ndogo iliyo nyumbani kwa dada yangu, ambayo nayo hunifanyia skrabu zake. Urudufishaji huu hutuma vipande vilivyobadilika tu tangu snapshoti iliyotangulia, hivyo baada ya ule mzigo wa kwanza, niliouhamisha kwa waya kabla ya kuipeleka mashine kwake, kazi ya kila usiku huwa nyepesi kwa intaneti.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Ukurasa wa ruhusa za faili ni mgumu kupita kiasi kwa mtu asiye na uzoefu, na maelezo yake hayamsaidii anayeanza. Kwa miaka mingi haikuwezekana kuongeza diski moja kwenye kundi la RAID-Z lililokwisha kujengwa. Uwezo huo ulikuja na toleo la 2.3 la OpenZFS, yaani ZFS huria ambayo TrueNAS huitumia, lililotoka Januari 2025, na hata hivyo data ya zamani hubaki na uwiano wake wa awali wa data na ulinzi hadi iandikwe upya. Mashine hula umeme mchana na usiku, diski nne zikizunguka husikika katika chumba kimya, na kwa maoni yangu kuiendesha bila UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, inayoweza kuiamuru izimike kwa utaratibu si busara. Anayetaka kifaa cha kuchomeka na kusahau ataridhika zaidi na masanduku yanayouzwa yakiwa tayari yamesanidiwa.

Jambo la mwisho linahusu usimbaji fiche. Folda zetu zote zimefungwa kwa ufunguo, ili mwizi wa diski asisome chochote, lakini ufunguo huo ukipotea hakuna njia ya kuirudisha data. TrueNAS hukuruhusu kuupakua kama faili, na faili hilo halipaswi kukaa ndani ya seva ileile linayoifungua. Wetu umechapishwa kwenye karatasi pamoja na maelekezo ya hatua kwa hatua, na nakala mbili za karatasi hiyo zinatunzwa katika nyumba mbili. Dada yangu ameyajaribu maelekezo hayo peke yake, akianzia na seva iliyozimwa na kuishia na folda ya hati za ardhi ikiwa imefunguka kwenye kompyuta yake. Alikwama mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa kupakia ufunguo, ambako mfumo huuliza iwapo folda za ndani nazo zifunguliwe kwa ufunguo uleule. Hatua hiyo sasa imeongezwa kwenye karatasi zote mbili.