Kufunga nobu pamoja kwenye Q-SYS Designer: uzoefu wangu msikitini

Huu ni mwezi wa nane natumia Q-SYS Designer kwenye msikiti wetu wa mtaani, hapa Tanga. Ni programu ya kampuni ya QSC ya California. Unachora mfumo mzima wa sauti kwenye kompyuta, maiki zinaingia wapi, zinapitia nini, zinatokea spika zipi, kisha mchoro unaupeleka kwenye mtambo wenyewe, wanaouita Core. Sisi mfadhili alituletea Core 110f, yenye maingilio 8 ya maiki, matokeo 8, na njia 8 nyingine ambazo kila moja unaichagulia mwenyewe iwe ya kuingiza au ya kutoa. Programu unaipakua bure. Mazuri yake ni mengi, lakini nataka kukaa kwenye jambo moja lililonila siku nyingi kuliko yote: kufunga nobu kadhaa, yaani vidhibiti vya kuzungusha, ziende pamoja.

Tuna sehemu nne za spika: ukumbi wa ndani, ghorofa ya wanawake, baraza na mnara. Zamani, kwenye mixa, kila sehemu ilikuwa na feda yake, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, na kila Ijumaa kijana mmoja alikaa pembeni ya mixa tangu khutba ianze hadi salamu. Khatibu akipaza, anashusha feda zote. Akiteremsha sauti, anazipandisha zote. Naye alikuja kuswali. Imamu aliniomba kitu kimoja tu, nobu moja kwenye iPad, ambayo yeyote aliye karibu anaweza kuigusa mara moja na kurudi kwenye safu.

Ndani ya programu, kila unapotaka kupandisha au kushusha sauti unaweka kisanduku kinachoitwa Gain. Mimi nilikuwa na vitatu, kimoja kwa kila sehemu ukiacha mnara, na nikaona kazi ni kuvifunga tu. Njia ya wazi ni pini. Unakibofya kisanduku, kwenye orodha ya sifa zake unatia tiki kwenye kidhibiti unachotaka, na pini inachomoza ubavuni. Kutoka hapo unavuta waya hadi kwenye pini ya kisanduku kingine. Waya huo haubebi sauti, unabeba amri. Tena una mwelekeo: unatoka kulia kwa kisanduku cha kwanza na kuingia kushoto kwa cha pili. Cha pili kitakifuata cha kwanza, lakini mtu akikizungusha cha pili, cha kwanza hakina habari. Ukitaka vijuane pande zote mbili, vuta na waya wa kurudi.

Nikavuta nyaya zangu kutoka Gain ya ndani kwenda ya wanawake na ya baraza. Nikabonyeza F6, ambayo inaendesha mchoro kwenye kompyuta bila Core. Hapo nobu zinafanya kazi ila sauti haipiti. Nikazungusha moja, zote tatu zikazunguka. Nilifurahi sana. Nikaunganisha Core, nikabonyeza F5, mchoro ukaingia, nikaenda kutawadha.

Ijumaa ile, baada ya swala, bibi mmoja aliteremka ngazi za wanawake akanisubiri mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "leo khutba umetunyima."

Iliniuma, kwa sababu sehemu ya juu ndiyo niliyoipima kwa uangalifu kuliko zote. Spika zake ni ndogo na feni ziko jirani na masikio, kwa hiyo ndani nilikuwa nimeweka desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) -12, baraza -9, na juu -6, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyopanda. Usiku ule nilirudi kwenye mchoro na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Waya unapeleka thamani ileile. Nilipoigusa nobu ya ndani ikiwa karibu na -12, za baraza na za juu nazo zilikwenda hapohapo. Kina mama walipoteza desibeli 6, yaani volti zinazofika kwenye spika zao zilipungua kwa nusu. Kwenye F6 sikuweza kulisikia hilo, na macho yangu yalipenda kuona nobu tatu zimelingana.

Kwa hiyo kabla hujavuta waya, jiulize: unataka vidhibiti viwe sawa, au unataka viende pamoja huku kila kimoja kikibaki na tofauti yake? Pini inakupa la kwanza tu, na la sauti karibu kila mara ni la pili.

Jaribio langu lililofuata lilikuwa kuandika msimbo. Q-SYS inakubali msimbo wa Lua, lugha ya kuandikia programu, na nilijifunza kiasi cha kutosha: nobu kuu ikisogea, msimbo unakokotoa imesogea desibeli ngapi, unaziongeza kwenye kila sehemu. Ulifanya kazi kwa wiki mbili. Kisha khatibu mgeni mwenye sauti ndogo akaja, mtu akaipandisha nobu kuu kwa nguvu, na sehemu ya wanawake ikagonga dari ya kisanduku wakati nyingine zinaendelea kupanda. Ilipoteremshwa, zote zilishuka hatua sawa, na ile tofauti niliyoipima haikurudi. Ningeweza kuongeza mistari ya kukumbuka tofauti. Sikutaka, kwa kuwa siku nisipokuwepo hakuna mwingine mtaani atakayeusoma msimbo wangu.

Dawa ilikuwa rahisi hata sikuamini. Nilifuta nyaya zote za amri, nikaweka Gain ya nne, kubwa, kwenye njia ya sauti kabla ya zile tatu. Sauti ya khatibu inapita kwenye Gain kuu, kisha inagawanyika kwenda kwenye vipimo vya kila sehemu, ambavyo sasa haviguswi na mtu. Ikipanda desibeli 3, kote kunapanda 3, na tofauti zinabaki kama zilivyo. Kisanduku hicho pia kinakuruhusu kuchagua kikomo cha chini na cha juu, nami nikaweka -20 na 4, ili mkono wenye haraka usiifanye maiki ipige mluzi wala kuinyamazisha.

Kuna ufungaji mwingine ambao programu hii inaufanya vizuri mno, nao hauhitaji waya. Unaishika nobu ndani ya kisanduku chake, unaikokota hadi kwenye ukurasa wa iPad, na ile unayoiona pale ni nobu ileile, haijazaliwa nyingine. Iweke kwenye kurasa tano, zote zitaonyesha hali moja. Usichanganye na kunakili kisanduku kizima: hapo unapata kisanduku kipya chenye maisha yake, na nilishahangaika jioni nzima nikizungusha nobu ambayo haikuwa kwenye njia ya sauti.

Pini nimeziachia vitufe vya kuzima maiki. Hapo hakuna tofauti ya kulinda, maiki imefungwa au imefunguliwa. Maiki ya mimbari na ya pili ya akiba zinafungwa kwa mguso mmoja khutba inapokwisha, na nyaya zangu mbili, wa kwenda na wa kurudi, hazijanisumbua.

Anayetaka kuanza ajue kuwa programu inaendeshwa kwenye Windows peke yake, na kuwa mafunzo ya mwanzo yapo bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Ningemshauri akae na F6 siku kadhaa kabla ya kugusa mtambo, ila vipimo vya sauti avifanye msikitini, watu wakiwa wamejaa, maana ukumbi mtupu unavuma na miili ya watu inameza sauti.

Mnara sikuufunga na chochote. Adhana ina maiki yake na Gain yake, na nobu hiyo haipo kwenye iPad.