TAHADHARI: Anayewauzia "Bitcoin zilizokamatwa na Marekani" hapa Kampala ni tapeli

Ndugu zangu wa Kisenyi, Owino na Nsambya, na nyinyi wa Busia, Malaba na Mpondwe mnaopokea jumbe za Kiswahili kwenye magrupu ya WhatsApp: kuna mtu anazunguka humo akijiita wakili wa urejeshaji mali. Picha yake ni mwanamume wa suti, nyuma yake rafu ya vitabu vya sheria. Kama uliwahi kupoteza hela kwenye sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, atakwambia hela zako zimo kwenye mzigo uliokamatwa na serikali ya Marekani, na yeye ndiye anayejua mlango wa kuzitolea. Kama hukupoteza kitu, atakuuzia Bitcoin za mnada wa serikali kwa nusu bei. Usimtumie hata shilingi moja. Na kama umeshamtumia, tafadhali usitume tena kabla hujasoma haya.

Aliyenifanya niandike ni jirani yangu wa duka, mama anayeuza vitenge. Miaka ya nyuma alipoteza akiba yake kwenye mradi mmoja wa sarafu, na huyu bwana akaja kummalizia. Alianza na ada ya kufungua faili, shilingi 350,000. Ikafuata "kodi ya URA" (mamlaka ya mapato ya Uganda), halafu "ada ya kubadilisha dola", halafu ada ya benki, na kila moja aliapa kuwa ndiyo ya mwisho. Mama akaingiza mkono kwenye mtaji wa mzigo wa Krismasi, akakopa na kwenye chama chao cha akina mama. Kila asubuhi alikuwa anapata ujumbe: "Mama, umeamkaje? Tumuombe Mungu, faili lako leo liko mezani." Hilo linaniuma kuliko hesabu yenyewe. Mtu anakuibia huku anakuombea dua!

Nilimwomba simu niisome ile barua aliyotumiwa. Juu kushoto kuna tai wa Marekani, kulia kuna nembo ya Uganda yenye swala na korongo, eti serikali mbili zimeandika barua moja. Muhuri umebandikwa kwa kompyuta, wino wake una rangi ile ile pande zote na haujafifia popote. Tarehe yake, nikaangalia kalenda, ni Jumapili. Chini kabisa kuna namba ya kutumia pesa. Mnajua simu zetu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Niliiingiza ile namba, likatokea jina la mtu binafsi. Ofisi gani ya serikali inapokea ada kwenye laini ya mtu? Kodi ya URA yenyewe hulipwa kwa PRN, namba ya malipo unayoipata kwenye mfumo wao, na pesa zinaingia kwa URA moja kwa moja. Wafanyabiashara wote wa hapa mjini wanalijua hilo. Lakini mtu aliyeahidiwa kurudishiwa akiba yake ya miaka hakumbuki PRN.

Kinachowanasa watu ni kwamba habari anayoanzia ni ya kweli. Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa Brooklyn, New York, walitangaza kesi ya kutaifisha Bitcoin 127,271, zenye thamani ya dola bilioni 15 hivi siku hizo, wakimhusisha mwenyekiti wa kampuni ya Prince Group ya Cambodia na kambi za utapeli wa mtandaoni. Mwaka huo huo, huko London, mwanamke wa Kichina alikiri makosa katika kesi ambayo polisi walikamata Bitcoin zaidi ya 61,000. Kabla ya hapo, Februari 2022, Marekani ilikamata Bitcoin zaidi ya 94,000 zilizoibwa Bitfinex, soko la kubadilishia sarafu za mtandaoni, mwaka 2016. Tapeli anawatumia linki za habari hizi hizi, kutoka vyombo vikubwa. Ukizifungua unakuta ni kweli, basi unamwamini na yeye. Ukweli wa habari haumfanyi aliyekutumia linki kuwa mkweli. Yeye na mzigo ule hawajuani.

Tuanze na hiyo nusu bei. Serikali ya Marekani iliwahi kupiga mnada Bitcoin zilizokamatwa, na mnada uliovuma ni wa Juni 2014, Bitcoin karibu 30,000 za soko haramu la Silk Road. Aliyetaka kushiriki alitakiwa kwanza kuweka amana ya dola 200,000. Hakuna aliyeingia kwa kutuma 350,000 za Uganda kwa simu. Halafu tarehe 6 Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuunda akiba ya taifa ya Bitcoin, na amri hiyo inasema Bitcoin zilizotaifishwa zikishaingia kwenye akiba zisiuzwe. Miongoni mwa mambo machache yaliyoachiwa nafasi ni kuzirudisha kwa waathirika wanaotambulika. Sasa huyu wa WhatsApp anauza za nani?

Kuhusu kurudishiwa, njia ipo, ila haipiti kwake. Mali iliyokamatwa kwanza inapita mahakamani. Mahakama ikishaamua kuwa ni ya serikali, Wizara ya Sheria ya Marekani inaweza kutangaza kwamba waliotapeliwa katika kesi fulani, kesi hiyo tu, walete madai. Tangazo unalikuta kwenye tovuti ya wizara, justice.gov. Unajaza fomu mwenyewe, unaambatisha ushahidi wa malipo uliyofanya, na hulipi ada yoyote. Waliotapeliwa na BitConnect, mradi mmoja wa sarafu za mtandaoni, walipata: mradi ule ulianguka Januari 2018, na Januari 2023 mahakama ya San Diego ikaamuru dola milioni 17 ziende kwa waathirika 800 hivi wa nchi zaidi ya 40. Ilichukua miaka mitano. Kwa hiyo anayekuahidi "siku saba za kazi" anakudanganya, na anayekuambia kesi ya Cambodia itakulipa hela ulizopoteza Masaka au Kampala kwa watu wengine kabisa, anakudanganya mara mbili.

Walioingia OneCoin, mradi wa utapeli uliojiita sarafu ya mtandaoni, nawaomba msikie hili kwa makini maana nyinyi mnatafutwa sana. Anawaambia "waleti yako ya OneCoin imekamatwa, tunaifungua", yaani pochi ya kuhifadhia sarafu. OneCoin haikuwa na sarafu. Hakukuwa na daftari la hadharani linaloonyesha kila muamala, kama la Bitcoin, zile namba mlizoziona kwenye akaunti zilichapwa tu na wenyewe. Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo juu yake mwaka 2017, na mwaka huo huo mwanzilishi wa OneCoin, Ruja Ignatova, akatoweka. Hadi leo FBI, shirika la upelelezi la Marekani, inamtafuta, zawadi imefika dola milioni 5. Mwanzilishi mwenzake, Greenwood, alifungwa miaka 20. Pesa mlizotoa zilikuwa za kweli, na kama kuna fidia itahesabiwa kwa risiti za pesa hizo. Tunzeni stakabadhi za benki na jumbe za zamani.

Wenye kripto halisi kwenye simu, hatari yenu ni nyingine: atawaomba yale maneno 12 ya siri yanayofungua waleti "ili tulinganishe na orodha ya mahakama". Ukimpa, umempa waleti nzima, na hakuna benki ya kupiga simu ikazuia.

Jambo la mwisho la huyu bwana: ukianza kumshuku anakupa namba ya "afisa wa FBI" akuhakikishie. FBI yenyewe ilionya Aprili 2025 kuhusu watu wanaojifanya maafisa wa kituo chake cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni na kuahidi kurejesha hela. Kituo hicho hakikupigii simu, na hakidai malipo.

Uliyekwisha kutuma: mpigie mtoa huduma wa laini yako sasa hivi, ueleze muamala kwa namba yake, uombe pesa zizuiwe kama bado hazijatolewa. Kisha nenda kituo cha polisi cha karibu, ufungue jalada, uchukue namba ya rejea. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu. Piga picha za skrini zikionyesha namba yake, tarehe na jina lililotokea ulipotuma.

Admini wa magrupu, mkimwona mtoeni, lakini hifadhini kwanza namba yake. Anabadilisha laini kila mara, ila barua ni ile ile na picha ya suti ni ile ile. Mimi na yule mama tunakusanya barua hizi tuzipeleke pamoja makao makuu ya CID, idara ya upelelezi ya polisi, Kibuli. Mwenye nakala anitumie inboksi, afunike jina lake akitaka, ila asifunike namba ya mpokeaji.