The Three-Body Problem: jamani, mke wa Wang Miao alienda wapi?

Shemeji yangu anafundisha fizikia huko Tororo, ndo alinipa hiki kitabu cha hadithi ya kisayansi cha Liu Cixin, mwandishi wa China, akaniapia sitakiweka chini. Nimekiweka chini sana tu, tena kwa kukibamiza.

Kilichoniudhi ni hiki. Wang Miao, mtafiti, anasafisha picha alizopiga anakuta kila picha ina namba zinazohesabu kurudi nyuma. Anampa mkewe kamera apige, za mke hazina kitu, za mtoto hazina kitu, zake tu ndo zina namba. Nikasema haya, sasa moto umewaka, mume anachanganyikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, tuone. Wapi! Baada ya hapo mke na mtoto karibu hawasikiki tena. Bwana anashinda kwenye gemu, anazunguka na polisi na majenerali, na mke hata simu ya kuuliza baba uko wapi hakuna? Mimi wangu akikwama jam ya Jinja Road kidogo tu nishapiga. Hawa si watu, ni midomo tu ya kutolea lekcha.

Na ile ya kukunjua protoni (kale kachembe kadogo ndani ya atomu) mpaka inafunika sayari nzima, wee, kurasa na kurasa, niliruka nikarudi nikaruka tena.

Ila nisiwe mchoyo. Pale ndani ya lile gemu, mfalme wa Qin, China ya kale, anapopanga askari milioni 30 uwanjani, watatu watatu, wawili wanainua bendera nyeusi au nyeupe, wa tatu anawaangalia ndo anainua yake, na jeshi lote linageuka kompyuta moja, hapo nilielewa kompyuta kuliko miaka yote ya shule. Halafu Ye Wenjie, yule mama mwanasayansi! Baba yake anapigwa hadi kufa mbele ya umati mwaka 1967 yeye akiangalia, miaka inapita, anapokea ujumbe kutoka nyota nyingine unaomwambia usijibu, usijibu, usijibu, na anajibu. Kitabu nilikuwa nimekipa nyota mbili kati ya tano, nikazifanya nne. Kumbe huyu mwandishi watu anawaweza! Basi ndo nimekasirika zaidi, maana yule mke kamtupa kwa kusudi, narudisha tatu.

Mwishoni (hujakisoma, ishia hapa) wale viumbe wa hiyo nyota nyingine wanatuambia sisi binadamu ni wadudu, watu wanakata tamaa, wanalewa, ndipo yule polisi Shi Qiang, ambaye nampenda kuliko wote, anawapeleka wanasayansi shambani waone nzige. Kwamba sumu zote hizi na wadudu hawajawahi kushindwa. Shemeji anasema hapo alitokwa machozi. Mimi nilicheka, kwa sababu afande Shi hajafika Kampala msimu wa nsenene, wale panzi tunaowala, aone wadudu wasioshindwa wanavyong'olewa mabawa na miguu hapohapo barabarani wakisubiri kitunguu na chumvi.