Bao au sataranji kwa mzee wa Mikindani?

Hesabu zao zimegeuzana: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na vipande 32. Kufanana kwenyewe ni huko tu.

Kwenye sataranji, kinacholiwa kinatoka ubaoni. Mchezo unakonda hadi wanabaki wafalme na askari wawili watatu, na hapo, baada ya saa tatu za kukaa, mzee hukosea hatua moja tu, basi. Kwenye bao, kete ulizokula unazisambaza upande wako. Namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja, ikiisha, zote 64 zimo mchezoni mpaka mwisho. Mtaji (hatua ya kula kete) mmoja mzuri unageuza kila kitu, hata kwa aliyekuwa akichekwa.

Sataranji ina heshima yake: FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, huandaa ubingwa wa dunia wa wazee, daraja la miaka 50 na zaidi, na la 65 na zaidi. Barazani Mikindani hakuna daraja. Kijana wa bodaboda anakufunga huku watazamaji wakikuelekeza vibaya (kwa makusudi, nadhani).

Kwa mashindano ya saa na kimya, sataranji. Jioni, na korosho za kukaanga pembeni, mimi bao.