Mjalidi vitabu wa Mji Mkongwe: mshono safi, ngozi iulizwe kwanza

Karakana hii imo ndani ya vichochoro vya Malindi, haina kibao, na kazi yake ni moja tu: kujalidi upya misahafu, vitabu vya fiqhi na madaftari ya zamani ya biashara. Kwa mshono na karatasi, hakuna haja ya kutafuta pengine. Kwa ngozi, gundi na wino, usikiache kitabu kabla hujauliza maswali.

Fundi akipokea kitabu huangalia kwanza nani kakila. Matobo ya duara, madogo, yanayopenya kutoka kwenye jalada hadi kurasa za kati ni kazi ya mabuu ya mbawakawa, jamaa wa yule anayeharibu tumbaku ghalani. Karatasi iliyokwanguliwa juujuu ikabaki nyembamba, bila tobo safi, ni ya yule mdudu wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu, anayekimbia ukifungua kabati. Huyu hutafuta wanga na jelatini iliyopakwa kwenye karatasi. Mwaka 1665 huko London, Robert Hooke alimchora mdudu huyo kwa msaada wa hadubini katika Micrographia, akaandika kuwa anadhaniwa ndiye anayetoboa kurasa na majalada. Mchoro ni wa ajabu hadi leo, lakini tuhuma ilimwangukia asiye mkosaji. Tofauti hii si ya kitaalamu tu: mdudu wa fedha huondoka ukikausha kabati na kuingiza hewa, ila mabuu yaliyomo ndani ya jalada hayatoki kwa kuanikwa.

Kwa mabuu, karakana inagandisha, na inagandisha vizuri. Kitabu hufungwa kwenye mfuko wa plastiki, hewa ikatolewa, mdomo ukazibwa kwa utepe, kisha kikakaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Umeme ukikatika hadi friza ikapata joto, hesabu inaanza upya. Mfuko haufunguliwi siku kitabu kinapotolewa. Huachwa saa 24 ili umande ukae nje ya plastiki na si juu ya kurasa. Friza hiyo haiwekwi samaki, jambo ambalo kwa mji wetu linastahili kusifiwa.

Sasa mshono. Vitabu vingi vya mkono vya karne ya 19 vya mwambao huu viliandikwa kwenye karatasi ya Italia yenye alama ya hilali tatu, inayoonekana ukiinua ukurasa kwenye mwanga. Ni karatasi ya matambara, iliyochovywa kwenye jelatini ya ngozi na mifupa ili wino usitawanyike, na mara nyingi bado ina nguvu. Kinachokufa ni uzi. Fundi anafumua mkunjo mmoja mmoja, anaziba migongo iliyochanika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano (kipimo kimoja cha wanga kwa vitano vya maji, ukipikwa hadi uive kisha ukachujwa), halafu anashona kwa uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Mshono ni wa mnyororo, na sindano inapita kwenye matundu yale yale ya zamani. Mgongo unabaki bapa, jalada linalingana na kingo za kurasa, na ule ulimi unaofunika ukingo wa mbele unarudi mahali pake. Wajalidi wengine hukivisha kitabu cha namna hii jalada linalotokeza pembeni kama la kitabu cha skuli, na ulimi wakautupa.

Ngozi ndiyo penye mzozo. Karakana ina aina tatu, na fundi asipoulizwa hutoa iliyo karibu. Ya kwanza ni ngozi laini ya mabegi na viatu, iliyodabaghiwa kwa kromu. Ikataeni: inanyumbuka, haishiki nakshi ya moto, na ukingo wake haupunguziki vizuri. Ya pili ni ya mbuzi iliyodabaghiwa kwa magome ya mkoko. Inavutia kwa wekundu wake na ni ya kwetu, lakini tanini (dawa ya mimea ya kudabaghi) za namna hiyo zinajulikana kuwa dhaifu mbele ya asidi za hewani. Baada ya miaka mingi ngozi huwa unga mwekundu unaoshika vidole. Kwa daftari la kawaida inatosha. Kwa msahafu wa ukoo, agiza ya tatu, ya mbuzi iliyodabaghiwa kwa majani ya mti uitwao sumac. Ni ghali, na hutozwa mbali na mshono. Unene wake uwe milimita 1 au pungufu, na pale inapokunjwa ndani ya jalada iwe nyembamba zaidi, vinginevyo bawaba itakuwa ngumu na kurasa za mwanzo zitang'oka.

Kuna suala jingine ambalo Zanzibar halipuuzwi. Ngozi za kutoka nje zikija vipande vipande, hakikisha si ya nguruwe. Chukua kioo cha kukuzia, angalia vitundu vya manyoya: vya nguruwe hukaa vitatu vitatu na hupenya hadi upande wa pili; vya mbuzi hujipanga kwa mistari, vikubwa na vidogo vikifuatana. Fundi mwenyewe huonyesha bila kukasirika. Ukiwa na ngozi ya kuandikia iliyochakaa hata vitundu havionekani, maabara pekee ndiyo itakayokata shauri: wataalamu wa Chuo Kikuu cha York walionyesha mwaka 2015 kuwa chembe zinazobaki kwenye ufutio uliopitishwa juu yake zinatosha kujua kama ni ndama, mbuzi au kondoo, kwa kupima kolajeni, ile protini ya ngozi.

Gundi itokanayo na ngozi anaipika mwenyewe: inalowekwa usiku kucha, kisha chombo kinawekwa ndani ya maji ya moto, joto lisipite nyuzi 60 hivi. Ikichemka, kolajeni inakatika na gundi haishiki tena. Tatizo huja kazi ikiwa ya haraka, kwani hapo chupa ya gundi nyeupe ya mbao hutokea mezani. Hiyo ikishakauka mgongoni haifumuliki bila kurarua karatasi.

Madaftari yenye wino wa chuma yasipelekwe hapa kwa sasa. Wino huo hutengenezwa kwa uvimbe ambao nyigu wadogo husababisha kwenye mti wa mwaloni, ukachanganywa na salfeti ya chuma, na unakula karatasi. Uji wa wanga una maji mengi, nayo husambaza chuma. Maandishi hayo hurekebishwa kwa karatasi nyembamba iliyopakwa jelatini na kuloweshwa kidogo tu, na karakana haina vikaratasi vya kupimia chuma kabla ya kuanza.

Toeni karafuu mlizoweka kati ya kurasa. Mafuta yake huacha madoa ya kahawia, na fundi hana dawa ya kuyaondoa. Ukikuta "Ya Kabikaj" kwenye ukurasa wa kwanza, ile kinga ya wanakili dhidi ya wadudu, karakana haiigusi wala haiibandiki karatasi juu yake, na hilo ni jema.

Epuka masika: uji hukauka polepole na ukungu huwahi. Kipupwe ndicho kipindi kizuri. Risiti haitaji ngozi wala gundi iliyotumika, basi mwambie aandike kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, pamoja na mwaka.