Kupima tarehe katika programu ya mstari wa amri: mifano teule au kwenda na kurudi?

Njia ya kwanza ni mifano teule: unaandika ingizo na jibu lake kwa mkono. 2000-02-29 ikubaliwe, 1900-02-29 ikataliwe, maana mwaka 1900 haukuwa mrefu (wa siku 366). Njia ya pili ni kwenda na kurudi: kompyuta inabuni maelfu ya tarehe, inaziandika kuwa maandishi, inazisoma tena, kisha inahakiki kwamba zimerudi zilezile.

Ya pili hufika mahali ambapo hukuwaza kutazama. Chukua kosa la kuandika %G badala ya %Y, alama inayoiambia programu ichape mwaka wa kawaida wa kalenda. Karibu mwaka mzima matokeo ni sahihi, lakini %G ni mwaka wa hesabu ya wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa ndani yake, hivyo 29 Desemba 2025 inachapwa 2026-12-29. Mifano mitano ya katikati ya mwaka haitaliona kamwe.

Hata hivyo njia hii ya pili ina upofu unaonisumbua sana. Kama sehemu ya programu inayosoma tarehe na ile inayoiandika zote zimegeuza siku na mwezi, 03/04/2025 itakwenda na kurudi salama, na jaribio litapita huku programu ikimpotosha mtumiaji. Hapo mfano mmoja tu wa mkono unatosha kufichua kosa hilo.

Mimi huanza na mifano teule, hasa ya mipaka, ndipo naongeza ya pili. Kwa zote mbili, weka TZ=UTC (mpangilio wa saa za eneo kuwa saa ya kimataifa) kabla ya kuendesha, na usiache jaribio lisome saa ya mashine. Lipe “leo” yake, yaani tarehe uliyoipanga wewe.