Mafundi wa roshani, Likoni: kazi ya kuaminika
Roshani ya mama, hapo karibu na bahari, ilikuwa ikibambuka simiti, nondo ziko nje zimeshika kutu. Fundi mmoja alitaka kupiga plasta juu tu. Hawa walikataa katakata: chumvi ikishafika kwenye chuma, kutu huvimba kuliko chuma chenyewe na kulipasua zege upya. Walichonga mpaka nyuma ya nondo, wakasugua kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, wakaosha kwa maji ya mfereji (ya kisima chetu yana chumvi!). Zilipokauka, praima ya zinki (rangi ya kuzuia kutu), kisha zege jipya, milimita 50 juu ya nondo. Nondo iliyolika sana waliiunga mpya. Vumbi lilijaa hadi jikoni na bei ni kali, lakini wallahi nguzo za tangi nitawapa wao.